Rehani ya Nyumba Isiyo na Dhamana



Mtu wa Afrika Mashariki, aliyezoea kuona nyumba ikipanda kozi kwa kozi kadiri fedha zinavyopatikana, atastaajabu akiambiwa ya kwamba katika Uingereza nyumba imara, iliyokwisha ezekwa na kukaliwa, yaweza kukataliwa na benki kwa kukosa karatasi moja tu. Lakini ndivyo ilivyo, na sababu yake si ukaidi mtupu.

Benki ikitoa mkopo wa rehani, nyumba yenyewe ndiyo amana yake. Mkopaji akishindwa kulipa, nyumba itauzwa. Basi benki huuliza: msingi ukititia katika mwaka wa nne, nani atalipa? Nyumba mpya zinazouzwa na makampuni ya ujenzi kwa kawaida huja na dhamana ya miaka 10. Mtoaji mashuhuri wa dhamana hiyo ni NHBC, chombo kilichoanzishwa mwaka 1936. Lakini mtu aliyejijengea nyumba yake hana dhamana hiyo ila akiinunua mwenyewe, na wengi huiacha ili fedha zile zinunue vigae.

Husema, "Si mkaguzi wa majengo alikuja, akanipa cheti?" Naam, alikuja, na cheti kile ni cha lazima. Lakini kazi yake ni kuonyesha ya kwamba kanuni za ujenzi zimefuatwa. Hakiahidi kutengeneza ufa. Jambo hili lilidhihirika katika kesi ya Murphy na Halmashauri ya Brentwood. Bwana huyo alinunua nyumba mpya mwaka 1970, iliyojengwa juu ya ardhi ya kifusi, na halmashauri ilikuwa imeidhinisha ramani ya msingi wake. Kuanzia mwaka 1981 kuta zikapasuka. Mwaka 1986 akaiuza kwa hasara ya pauni 35,000, na mwaka 1990 mahakama ya juu kabisa ikaamua ya kwamba halmashauri haiwajibiki kumlipa hasara ile.

Hata hivyo mlango haujafungwa. Benki nyingi hukubali, mahali pa dhamana, cheti cha mtaalamu, yaani msanifu wa majengo, mhandisi au mpimaji aliyeiangalia kazi tangu mwanzo. Akitia sahihi, mtaalamu huyo hubeba jukumu kwa miaka 6, kwa mwenye nyumba na kwa benki pia, naye sharti awe na bima ya kazi yake. Tofauti ni kubwa: dhamana hulipia kasoro za ujenzi zilizotajwa katika mkataba wake, lakini kwa cheti, mwenye nyumba hana budi kuonyesha ya kwamba mtaalamu alizembea.

Sharti zito ni lile la kuangalia kazi tangu mwanzo. Zege likiisha kumwagwa na udongo kurudishwa, hakuna awezaye kuapa ya kwamba mtaro ulikuwa na kina cha kutosha. Wako wanaouza vyeti, na hata dhamana, kwa nyumba zilizokwisha simama. Lakini dhamana ya namna hiyo ni ghali na huweza kudai kuta zifunuliwe, na cheti kilichotiwa sahihi na mtu asiyeona msingi benki nyingine hukikataa papo hapo.

Shida hii mara nyingi haimkuti mjenzi wakati wa kujenga. Humkuta anapotaka kuuza, labda kwa sababu ya kazi mpya au ndoa iliyovunjika. Mnunuzi yupo, bei imekubaliwa, kisha benki ya mnunuzi yakataa. Hapo hubaki kungoja mnunuzi mwenye fedha taslimu, au kungoja nyumba itimize miaka 10, ambapo kwa kawaida benki huacha kuidai karatasi hiyo na kutegemea ripoti ya mpimaji.

Kwa hiyo anayekusudia kujenga huko na aiulize benki kabla ya jembe la kwanza kupigwa: je, itakubali cheti cha mtaalamu huyu, au yataka dhamana ya miaka 10? Na jibu alipokee kwa maandishi.