Baada ya Siku ya Tatu: Msiba wa Mtoto Mchanga katika Nyumba Zetu za Maskati



Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970, karibu mtoto mmoja kati ya watano hapa Oman alikuwa hafiki miaka mitano. Leo wanaofariki ni kama 10 katika kila 1,000. Chanjo, maji safi, barabara na hospitali, kuanzia Khoula hadi Hospitali ya Royal iliyofunguliwa 1987, zimefanya kazi hiyo katika umri wa mtu mmoja. Alhamdulillahi. Lakini neema hii imetuachia pengo ambalo bado hatujalizungumza. Bibi zetu, waliokulia Unguja, Pemba au hapa hapa Matrah, karibu kila mmoja alizika mtoto au alimshika mkono dada aliyezika. Mama kijana wa Mawaleh au Al Khoudh akifiwa leo, hana wa rika lake hata mmoja aliyepitia hayo. Wanaokuja kumpa pole wanaogopa kuingia chumbani kwake.

Ndiyo maana yanatoka yale maneno. "Utapata mwingine." "Bora amekwenda mapema, hukumzoea." Anayesema hana nia mbaya, hajui tu la kusema, na kimya kinamtisha. Bibi yake angekaa mkekani, angemwita mtoto kwa jina lake, na angemwuliza mfiwa kama amekula.

Angeuliza pia kuhusu maziwa. Hili naliweka mbele kwa makusudi kwa sababu sablani, yaani ukumbini wanapokaa wanaume kupokea pole, halisemwi na hospitalini husahaulika. Mtoto akizikwa, kifua cha mama huendelea kujaa, na siku ya tatu au ya nne, wakati wageni wanaaga, huuma kuliko siku zote. Akamue kidogo tu, kiasi cha kupunguza mkazo, maana akikamua yote maziwa yatazidi kuja. Aweke kitambaa cha baridi. Akiona wekundu na homa, aende kwa daktari. Huyu bado ni mzazi, yumo katika arubaini yake, anavuja damu, na pengine ana mshono. Anahitaji uji na kukandwa sawa na mzazi yeyote, ila hana mtoto wa kumwonyesha anayekuja kumtazama.

Kuna jambo jingine. Maiti wetu huzikwa upesi, na mara nyingi wanaume huwa wameshafika makaburini Amerat mama angali kitandani hospitalini. Ampakate mwanawe kabla hajaoshwa, ikiwa anataka. Dakika chache hazimcheleweshi maiti, na mama atabaki na sura ya kuikumbuka.

Sasa siku tatu. Wengi wetu tunaamini dini imeweka siku tatu za huzuni, basi ya nne mtu anawe uso na kurudi kazini. Mpaka huo umewekwa kwa kukaa msiba, yaani mwanamke kuacha mapambo kwa ajili ya asiyekuwa mumewe. Moyo haukupangiwa tarehe. Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alitokwa na machozi kwa mwanawe Ibrahim, aliyefariki akiwa bado mdogo wa kunyonya. Nabii Yaakub, ambaye subira yake inasifiwa katika Kurani, alilia mpaka macho yakaingia weupe. Anayemwambia mfiwa kuwa machozi ni upungufu wa imani awatazame kwanza hao wawili.

Baba naye tumemsahau. Anakaa sablani, anapokea mikono, anasikia "adhama Allahu ajrak", yaani Mungu akukuzie ujira wako, mara mia, kahawa na tende zinazunguka, mazungumzo yanahamia kwenye bei za magari. Hakuna anayemwuliza mtoto alikuwaje. Mkubwa akifa, kila mgeni huja na kisa chake kuhusu marehemu. Mtoto wa miezi miwili hana visa ila vile walivyonavyo wazazi wake, nao hawaulizwi.

Machi 2020, korona ilipofunga misikiti na kuzuia mikusanyiko ya azaa, yaani ya kupeana pole, tuliona msiba bila watu ulivyo. Pole zilikuja kwa simu, na usiku nyumba zilikuwa tupu. Sayyida Salme bint Said, binti wa Sultani wa Unguja, aliyajua hayo zamani: mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa Aden mwishoni mwa 1866, alifariki mwaka uliofuata wakiwa safarini kwenda Ujerumani, bila mama, dada wala jirani wa Unguja wa kukaa naye. Zama zile ilikuwa bahari iliyomtenga na watu wake. Sisi tumetengwa na barabara kuu na kuta za nyumba zetu, ilhali wale wanaojua la kufanya bado wako hai na wanakaa mwendo wa nusu saa.

Pendekezo langu ni dogo. Kila familia iwachague akina mama wawili wa makamo waliowahi kufiwa na mtoto, wakubali wenyewe, wamwendee mzazi siku ya saba, siku ya arubaini, na siku ambayo mtoto angetimiza mwaka. Mwanamume mmoja afanye hivyo kwa baba, nje ya sabla. Kuhusu ndugu wadogo wa marehemu, wanaoambiwa "amesafiri" kisha wakakaa kumngoja, nimewaachia madaktari wa watoto, watakaozungumza baada yangu.