Somo la Afya: Dawa Zilizomo Udongoni

Somo letu la leo ni juu ya udongo, na dawa zinazotoka humo. Fungueni vijitabu vyenu, mnifuate polepole.

Mvua ya kwanza ikinyesha baada ya kiangazi, ardhi hutoa harufu nzuri. Sehemu kubwa ya harufu hiyo hutokana na vijidudu viishivyo udongoni, viitwavyo bakteria. Ni vidogo mno, havionekani ila kwa hadubini. Vingine huleta maradhi, lakini vilivyo vingi havitudhuru.

Huko chini vijidudu hugombea mahali na chakula. Baadhi yao hutengeneza sumu ya kuwafukuza jirani zao. Sumu hiyo, ikichunguzwa vizuri, yaweza kuwa dawa kwetu. Mwaka 1943, katika chuo cha Rutgers huko Marekani, Albert Schatz na mwalimu wake Selman Waksman walipata streptomaisini kutoka kwa kijidudu cha udongoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya kwanza ya kuponya kifua kikuu. Rifampisini nayo, ambayo wagonjwa wa kifua kikuu huimeza hadi leo, asili yake ni kijidudu kilichopatikana katika udongo wa Ufaransa mwaka 1957.

Basi wataalamu wakakusanya udongo wa nchi nyingi, wakaotesha vijidudu katika visahani. Walipata dawa nyingi. Lakini miaka ilivyopita, mara kwa mara walijikuta wanapata zile zile walizokwisha kuzijua. Na huku vijidudu vya maradhi vilikuwa vinazizoea. Huko Uingereza, majaribio yaliyotangazwa mwaka 1948 yalionyesha jambo hili mapema: wagonjwa wengi waliopewa streptomaisini peke yake walipata nafuu, kisha vijidudu vyao vikaizoea, dawa ikawa kama maji.

Je, udongo umekwisha dawa? La, haukwisha. Ila ilibidi kujifunza kuusoma.

Kila kiumbe, tangu mgomba hadi mtu, ana ndani yake maagizo ya namna ya kujijenga na kuishi. Maagizo hayo yameandikwa katika uzi mwembamba mno uitwao DNA. Nyinyi mmejifunza herufi za Kiswahili. DNA ina herufi 4 tu, nazo huitwa A, C, G na T. Sehemu yenye agizo moja huitwa jeni. Maandishi yote pamoja huitwa jenomu.

Mwaka 2002 wataalamu wa Uingereza walitangaza kwamba wameisoma jenomu ya kijidudu kimoja cha udongoni, Streptomyces coelicolor. Ilikuwa na herufi zaidi ya milioni 8 na nusu, na jeni 7,825. Kijidudu hicho kilikuwa kimechunguzwa miaka mingi, na vitu vichache tu vya namna ya dawa vilijulikana kutoka kwake. Lakini katika maandishi yake yalionekana mafungu zaidi ya 20 ya maagizo ya kutengeneza vitu vya namna hiyo.

Kwa nini havikuonekana zamani? Fikirini seremala ajuaye kutengeneza kiti, kitanda na mlango, lakini wateja wake huagiza viti tu. Ukimtazama kazini, utadhani hajui kitu kingine. Kijidudu kilicho katika kisahani ni hivyo hivyo: maagizo yake mengi hukaa kimya. Jeni za kutengeneza kitu kimoja kwa kawaida hukaa karibu karibu, kama sentensi za fungu moja la habari. Kwa hiyo kompyuta ikiona sehemu inayofanana na maagizo ya dawa inayojulikana, wataalamu huchunguza fungu zima.

Tena, vijidudu vingi vya udongoni havikubali kuota katika visahani. Hivyo Sean Brady na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitoa DNA moja kwa moja kutoka udongoni. Walichunguza udongo wa mahali zaidi ya 2,000. Maagizo waliyoyapata wakayatia katika kijidudu kingine kinachokubali kuota, nacho kikayatekeleza. Mwaka 2018 walitangaza malasidini, iliyoponya vidonda vya panya vilivyoingiliwa na vijidudu visivyosikia dawa nyingi. Hao walikuwa panya, si watu. Toka panya hadi mtu ni safari ndefu, na dawa nyingi hazifiki.

Sasa sikilizeni kwa makini. Msipake udongo kwenye kidonda, wala kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Humo humo udongoni mna kijidudu cha pepopunda, nacho huua. Dawa ni ile iliyosafishwa na kupimwa. Na mkipewa dawa ya kifua kikuu, imezeni mpaka siku ya mwisho aliyoisema mganga, hata kama kikohozi kimekwisha. Anayeacha katikati huvifundisha vijidudu kuishinda dawa, kisha huwaambukiza watoto wake vijidudu hivyo. Dawa mpya huchukua miaka mingi kupatikana. Tuzitunze tulizo nazo.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini vijidudu vya udongoni hutengeneza sumu?
2. Jenomu ni nini?
3. Kwa nini ni hatari kupaka udongo kidondani?
4. Mwenzako anataka kuacha dawa ya kifua kikuu kwa kuwa amepata nafuu. Utamwambia nini?