Kocha wa Shule ya Kanisa Apimwe kwa Kigezo Gani?



Kocha wa shule ya kanisa apimwe kwa kigezo gani? Naliuliza swali hili Kisii, karibu na soko la Daraja Mbili, kwa sababu makanisa ndiyo yaliyotangulia kufungua shule katika eneo hili. Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911. Waadventista Wasabato, waliokuwa Gendia tangu 1906, nao wakaweka misheni Nyanchwa. Mpaka leo, nyuma ya jezi nyingi za shule za Kisii na Nyamira kuna kanisa mfadhili.

Lakini maombi ya kanisa hayamfundishi beki kukaba. Vijana wetu hushikana mikono kabla ya mechi wakaomba, na wapinzani wao wanamwomba Mungu yuleyule. Tukishinda twasema Mungu ametenda. Tukifungwa, kocha ndiye anayeondolewa. Hapo tunamkosea Mungu, na kocha pia tunamkosea.

Imani inamfaa kocha kwa njia nyingine. Bradha Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika Shule ya St Patrick's, Iten, mwaka 1976 kufundisha jiografia. Ukocha hakuwa ameusomea. Mwaka 1988 Peter Rono, aliyepitia mikononi mwake, alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 Seoul. Miaka 24 baadaye David Rudisha, kijana wake mwingine, akakimbia mita 800 London kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Najua hiyo ni riadha wala si kandanda. Lakini siamini kwamba sala za Iten zina nguvu kuliko za Mosocho hapa Kisii, wala Gusii haijawahi kupungukiwa na vipaji: Naftali Temu, mwana wa huku, ndiye aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, Mexico mwaka 1968. Wito wa utawa ulimpa O'Connell muda. Aliweza kumsubiri mtoto akue. Kocha wetu wa kandanda husubiriwa hadi mwisho wa muhula wa pili, basi.

Sasa nije kwenye Jumamosi, maana hapo ndipo panapouma. Kwa Waadventista, Sabato huanza Ijumaa jua linapotua na kwisha Jumamosi jua linapotua. Mashindano ya shule yakipangiwa siku hiyo, kocha wa shule yenye Wasabato hubaki na njia mbili: amshinikize kijana avunje dhamiri yake, au aingie uwanjani bila kipa wake wa kwanza. Akichagua ya pili akafungwa, matokeo huandikwa kwa jina lake, ilhali aliyemfunga ni mpanga ratiba.

Wala si tatizo la vijana wa shule peke yao. Carlos Roa, kipa wa Argentina aliyeokoa penalti za Ince na Batty wa Uingereza katika Kombe la Dunia la 1998, aliacha kandanda mwaka uliofuata kwa ajili ya imani yake ya Kiadventista. Alirudi baadaye, lakini miezi ile ya kilele chake ilikwenda. Marekani, Chuo Kikuu cha Brigham Young cha Wamormoni hakichezi Jumapili, na mashindano makubwa ya mpira wa kikapu ya vyuo huipanga ratiba yake kwa kulizingatia hilo. Linawezekana, basi, watu wakitaka.

Kanisa la Waadventista lenyewe, tangu enzi za Ellen White, mmoja wa waanzilishi wake, limekuwa na mashaka juu ya ushindani wa michezo. Nayaheshimu mashaka hayo. Mchezo unaomfundisha mtoto kumchukia jirani haufai shuleni. Ila kumfungia kijana nje ya uwanja kwa sababu ya siku ni jambo lingine. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliunga mkono haki ya wanafunzi Waadventista ya kuishika Sabato yao shuleni. Sioni kwa nini haki hiyo iishie darasani, isifike uwanjani.

Kwa hiyo nawaomba wanaopanga michezo ya shule Kisii na Nyamira: wekeni mechi Ijumaa asubuhi, na Jumapili baada ya misa. Nanyi wakuu wa shule, mpeni kocha miaka minne, muda wa kutosha kumlea kijana, kisha mumuulize amelea wachezaji gani.