Ukitumwa Kupigwa Skani ya Kifua

Leo tutazungumza kuhusu picha ya kifua inayoitwa skani ya CT.

Nilimtembelea mama mmoja nyumbani, wiki mbili baada ya kujifungua. Mguu mmoja ulikuwa umevimba, kifua kilimchoma kila alipovuta pumzi, na kutoka jikoni hadi kitandani tu alikuwa anahema. Siku iliyotangulia alikuwa ameandikiwa aende hospitali kubwa mara moja, apigwe skani ya kifua. Karatasi ilikuwa chini ya godoro. Mama mkwe alikuwa amesikia kwamba miale ya mashine hiyo huharibu maziwa. Tuliondoka naye jioni hiyo hiyo. Skani ilionyesha damu iliyoganda ndani ya mapafu. Alitibiwa akapona, na mtoto aliendelea kunyonya. Lakini karatasi ile ingelala chini ya godoro siku nyingine, pengine tungempoteza.

Basi mama, skani ya CT ni nini? Ni mashine inayotumia miale kama ya eksirei, lakini hupiga picha nyingi kutoka kila upande. Daktari huona ndani ya kifua vizuri kuliko kwa eksirei ya kawaida: damu iliyoganda, uvimbe, au mapafu yaliyoharibika. Skani si matibabu. Na ukishukiwa kuwa na kifua kikuu, bado utahitaji kupimwa makohozi.

Mashine yenyewe ni kama pete kubwa iliyo wazi pande zote mbili. Utalala juu ya kitanda chembamba kinachoingia katikati ya pete hiyo. Utaambiwa uvute pumzi na uizuie kwa sekunde chache. Tulia, usisogee, ili picha isiharibike. Mashine haikugusi wala haiumi.

Wakati mwingine utadungwa dawa kwenye mshipa ili mishipa ya damu ionekane vizuri. Utahisi joto mwilini, ladha ya chuma mdomoni, na hata kama umejikojolea. Usiogope, hujajikojolea. Hali hiyo hupita upesi. Lakini ukiwashwa, ukivimba uso au ukishindwa kupumua, sema papo hapo.

Sasa sikiliza vizuri. Kabla hujalala juu ya kitanda kile, sema mambo haya hata kama hujaulizwa:

Moja, kama una mimba, au umekosa hedhi na huna hakika. Usifiche. Daktari atapima kama skani ingojee, kama kuna kipimo kingine, au kama ugonjwa ni hatari zaidi kuliko miale.

Pili, kama una ugonjwa wa figo, au una kisukari na unameza metformin. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Waambie, nao watakuelekeza.

Tatu, kama una pumu, au uliwahi kudhurika baada ya kudungwa dawa ya skani.

Je, na maziwa? Miale haibaki mwilini wala haiingii katika maziwa. Ile dawa ya kudungwa huingia kwenye maziwa kidogo mno, na tumbo la mtoto hufyonza sehemu ndogo tu ya hicho kidogo. Kwa hivyo nyonyesha kama kawaida. Usikamue ukamwage.

Ni kweli skani ina miale mingi kuliko eksirei. Skani moja ya kifua ni kama miale ambayo mwili hupata kwa kawaida kutoka ardhini na angani kwa muda wa miaka 2 hivi. Ndiyo sababu haifanywi ovyo. Akiandikiwa mtoto, una haki ya kuuliza: "Daktari, hii inatafuta nini? Eksirei au altrasaundi haitoshi?" Uliza pia kama miale imepunguzwa kulingana na umri wake. Mtoto mdogo anaweza kupewa dawa ya kulala ili atulie. Wewe ukiwa mjamzito, mtu mwingine aingie naye.

Siku ya kwenda, acha hereni na mkufu nyumbani. Beba picha zako za zamani na orodha ya dawa unazotumia. Uliza mapema kama unaruhusiwa kula, bei ni ngapi, na SHA italipa nini. Baadaye usichukue picha peke yake. Chukua na ripoti, umrudishie daktari aliyekutuma.

Na wewe uliyejifungua juzi, ukishikwa ghafla na maumivu ya kifua au ukikosa pumzi, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali sasa hivi. Ukiandikiwa skani, karatasi hiyo si ya kuwekwa chini ya godoro.

Mweleze na jirani yako ambaye hakutusikiliza leo. Hadi kipindi kijacho, kwaheri na ujitunze.