KUMTEGEMEA MUNGU NA KUSHIKA JEMBE
Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka 10



 Mweka hazina ameshasoma hesabu, mimi sirudii. Nina swali moja lililonisumbua miaka mingi: tumwachie Mungu mpaka wapi, na sisi wenyewe tufanye mpaka wapi?

Mwaka wetu wa tatu nilikopa kikundini nikanunua magunia 12 ya mahindi, niuze bei ikipanda. Nikaombea stoo, nikafunga mlango. Dawa sikuweka. Siku ya kufungua, dumuzi wamekula karibu yote, umebaki unga. Nikaja mkutanoni nikasema ni mapenzi ya Mungu. Mama mmoja akaniuliza polepole, "Mwenyekiti, na dawa uliweka?" Nilikosa jibu.

Baadaye, kwenye semina ya viongozi wa vikundi, mwalimu mmoja wa dini alitueleza jinsi Wayahudi walivyojadili jambo hili kwa karne nyingi. Elimu yangu ni ya msingi tu, lakini niliandika kwenye daftari. Wao wana maneno mawili. Bitahoni ni kumtumaini Mungu. Hishtadluti ni juhudi ya mtu mwenyewe.

Mkisoma Mwanzo sura ya 32, Yakobo alisikia kaka yake Esau anakuja na watu 400. Aliogopa sana. Alimwomba Mungu, lakini pia aligawa watu wake makundi mawili, moja likipigwa jingine lipone. Tena akatanguliza zawadi ya mbuzi, kondoo, ngamia, ng'ombe na punda, zaidi ya 500. Rashi, mwalimu wa Kiyahudi wa Ufaransa aliyeishi 1040 hadi 1105, alifundisha kwamba Yakobo alijiandaa kwa mambo matatu: zawadi, sala na vita. Sala ilikuwemo jamani, lakini haikuwa peke yake.

Katika Talmudi, kitabu chao kikubwa cha mafundisho, marabi wawili wanabishana. Shimon bar Yochai anauliza: mtu akilima wakati wa kulima, akapanda wakati wa kupanda, akavuna wakati wa kuvuna, neno la Mungu atajifunza saa ngapi? Ishmael anasema jifunze, na shamba nalo ulime. Baadaye mwalimu mwingine, Abaye, akasema wengi walifuata njia ya Ishmael wakafaulu, na wengi walifuata ya Shimon wasifaulu.

Basi, msidhani nahubiri juhudi peke yake. Mimi baada ya hasara ile nilipitiliza upande wa pili. Sokoni siku saba, sisali, sipumziki. Mwenzetu mmoja aliomba mkopo wa dharura, mtoto wake mgonjwa. Nikapinga, nikiogopa sanduku litapungua. Akaenda kukopa kwa mtu wa riba, mwisho akauza cherehani yake.

Hapo ndipo habari ya mana, Kutoka sura ya 16, ilinichoma. Wana wa Israeli walitoka kila asubuhi kuokota wenyewe, pishi moja kwa kila mtu. Hawakutiliwa mdomoni. Lakini waliobakiza mpaka kesho yake, ilitoa mabuu ikanuka. Siku ya sita waliokota maradufu, ya saba ilikuwa ya kupumzika. Waliotoka siku hiyo hawakukuta kitu. Kumbe juhudi nayo ina mpaka. Rabi Bahya ibn Paquda wa Hispania, aliyeishi karne ya 11, aliandika kwamba mtu afanye kazi kwa kuwa Mungu ameagiza, ila asidhani kazi yake ndiyo inayomlisha.

Mimi nilikosea mara mbili: kwanza niliacha dawa, halafu nikaacha Mungu na nikamwacha mwenzangu. Mama yule yuko hapa leo. Dada yangu, mbele ya wageni hawa, naomba unisamehe.

Tukimaliza chakula tutajadili mfuko wa dharura. Naomba tuuanzishe. Na wenye mikopo iliyochelewa, tusiseme "Mungu anajua" halafu tukakaa. Anajua kweli, lakini daftari la katibu nalo linajua.

 Mungu akibariki kikundi chetu.