Anayehesabu Shashi: Mafunzo na Usajili wa Wateknolojia wa Upasuaji, na Haki ya Mgonjwa wa Kibera na Kawangware

Wengi wenu mliotoka Kibera na Kawangware mmeshalala juu ya meza ya upasuaji nitakayoizungumzia, au mmemsubiri dada au mke nje ya mlango wake.

Mgonjwa anayeingizwa thieta huwa na watu wawili anaowajua. Daktari mpasuaji alimwona wodini na kumweleza atakachofanyiwa. Mtaalamu wa nusukaputi alimuuliza kama amekula chochote na kama dawa yoyote humdhuru. Wa tatu hamjui. Amesimama kando ya meza ya vifaa, barakoa usoni, na mgonjwa hupitiwa na usingizi kabla hajasikia hata jina lake. Leo nazungumza juu ya huyu wa tatu, mteknolojia wa upasuaji. Hoja yangu ni moja: hakuna mtu anayepaswa kusimama hapo bila mafunzo yaliyopimwa na bila jina lake kuwa katika rejista ambayo mwananchi yeyote anaweza kuisoma, iwe ni hospitali kubwa ya rufaa au thieta ya chumba kimoja juu ya duka la dawa.

Kazi yake ni ipi? Yeye ndiye hupanga koleo, mikasi, nyuzi na sindano kabla ya kisu kugusa ngozi. Huilinda meza isiguswe na mkono wala nguo isiyo safi, na akiona imeguswa husema, hata kama aliyeigusa ni profesa. Tena ndiye anayehesabu. Kabla ya kupasua, yeye na muuguzi anayezunguka chumbani huhesabu shashi, sindano na vifaa kwa sauti, wote wawili wakitazama. Huhesabu tena kabla tumbo halijafungwa, na tena kabla ngozi haijashonwa. Katika upasuaji wa kujifungua, huhesabu hata kabla mfuko wa uzazi haujafungwa.

Nikae hapo kidogo, kwa sababu upasuaji wa uzazi ndio unaowapeleka thieta wanawake wengi wa mitaa yetu. Damu ni nyingi, mtoto amechelewa kulia, kila mtu ana haraka. Shashi iliyolowa damu hufanana na nyama inayoizunguka, na mkono ulioizamisha unaweza kabisa kuisahau. Hesabu isipotimia, mteknolojia husema neno moja tu: haijatimia. Daktari husimama na kutafuta. Asiposema, mama atarudi nyumbani Gatwekera huko Kibera, au Gatina huko Kawangware, na maumivu ambayo kila mtu atayaita maumivu ya kidonda. Baadaye itakuja homa, kisha usaha, kisha upasuaji wa pili ambao familia haikuupangia fedha. Shashi nzuri huwa na uzi unaoonekana kwa eksirei, lakini uzi huo hausaidii kitu pasipo na mashine ya eksirei.

Kusema "haijatimia" mbele ya daktari aliyechoka usiku wa manane si jambo dogo. Huhitaji ujuzi, na pia huhitaji hadhi. Mtu aliyeajiriwa kufagia, kisha akaambiwa avae glavu kwa sababu leo hakuna mwingine, hana hadhi hiyo. Akibisha anaweza kuachishwa kazi kesho. Ndiyo maana usajili ni suala la usalama wa mgonjwa kabla haujawa suala la maslahi ya wafanyakazi.

Kuna kazi nyingine isiyoonekana, nayo ni kutakasa vifaa kwa mvuke. Pakiti iliyofungwa kwa kitambaa huhitaji nyuzi 121 za selsiasi kwa takriban dakika 30 katika mashine ya kawaida ya mvuke, na muda huo huanza kuhesabiwa joto linapofika, si mashine inapowashwa. Utepe unaobadilika rangi juu ya pakiti hukwambia tu kwamba pakiti ilipata joto. Haukwambii kwamba vijidudu vimekufa. Nimekutana na watu waliofanya kazi miaka mingi wakiamini utepe huo, na hawakuwa wazembe. Waliamini walichofundishwa na mtu ambaye naye alifundishwa hivyo hivyo, kwa kutazama.

Hata aliyefundishwa vizuri hupitwa na wakati. Kizazi kizima cha wahudumu wa afya wa Afrika Mashariki kilifundishwa kuloweka vifaa vyenye damu katika maji ya klorini ya asilimia 0.5, yaani Jik iliyozimuliwa, kwa dakika 10 kabla ya kuvisafisha. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo unaosema ulowekaji huo kabla ya kusafisha haupendekezwi: klorini hula chuma, na damu huipunguzia nguvu. Aliyehitimu 2010 na hajawahi kurudi darasani anaendelea kuloweka. Kwa hiyo cheti cha siku ya mahafali hakitoshi. Leseni ihuishwe kila baada ya muda, na kuhuishwa kudai ushahidi kwamba mwenye leseni ameendelea kujifunza.

Je, Kenya tuna nini? Tuna Chuo cha Mafunzo ya Udaktari, KMTC, kilichoanza 1927, ambacho makao yake yako jirani na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mwendo wa miguu kutoka Kibera. Kinafundisha teknolojia ya chumba cha upasuaji. Tuna wauguzi waliosomea utunzaji wa mgonjwa wa upasuaji baada ya uuguzi wa kawaida, na hao wamo chini ya Baraza la Wauguzi kwa Sheria ya Wauguzi, Sura ya 257. Maafisa wa kliniki wana sheria yao ya 2017. Watu wa maabara wana sheria yao tangu 1999. Wataalamu wa lishe, wa tibamaungo, hata watunza kumbukumbu za afya, wote Bunge limewatungia sheria. Mteknolojia wa upasuaji, ambaye mkono wake unafika karibu na tumbo lililo wazi kuliko hao wengi, hana sheria ya aina hiyo. Hili halikubaliki.

Tazameni mambo yalivyo nje ya mlango wetu. Dereva wa matatu ya namba 46 inayokwenda Kawangware, au namba 8 inayokwenda Kibera, lazima awe na leseni ya kubeba abiria, na polisi anaweza kumsimamisha popote na kuidai. Tumekubali kama taifa kwamba anayebeba roho za watu ajulikane. Anayehesabu shashi tumboni kwa abiria yule yule haulizwi na yeyote.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni pingamizi zito. Mwanzoni mwa 2018, katika Hospitali ya Kenyatta, mgonjwa asiyehitaji upasuaji alipasuliwa kichwa badala ya mwenzake aliyekuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo. Kosa liligunduliwa wapasuaji walipotafuta damu hiyo na kuikosa. Waliosimamishwa kazi walikuwa daktari aliyekuwa akisomea upasuaji wa ubongo, muuguzi wa wodi, muuguzi wa kupokea wagonjwa thieta na mtaalamu wa nusukaputi. Wote walikuwa watu wa taaluma, katika hospitali kubwa kuliko zote nchini. Basi karatasi ilisaidia nini?

Jibu langu ni kwamba usajili hauzuii kila kosa, lakini bila huo kosa halina mwenyewe. Kwa sababu watu wale walijulikana, na kazi ya kila mmoja ilijulikana, taifa liliweza kuuliza ni wapi mnyororo ulikatika. Thieta ndogo ya mtaani ambako msaidizi hana jina popote haiwezi kuulizwa swali hilo. Mama huambiwa ni mapenzi ya Mungu.

Tena dawa ya kosa kama lile inajulikana, na sehemu yake ilijaribiwa karibu na sisi. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilipimwa katika hospitali za miji minane, na mmoja wa miji hiyo ni Ifakara, Tanzania. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha hiyo ina vipengele 19 na vituo vitatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya kupasua, na kabla mgonjwa hajaondoka chumbani. Katika kituo cha pili kila aliyemo hutaja jina lake na kazi yake. Katika cha tatu hutamkwa kwamba hesabu imetimia. Sasa fikirieni yule aliyevishwa glavu kwa dharura. Zamu yake ya kujitambulisha ikifika, atasema kazi yake ni nini?

Uingereza iliwaingiza watu wa kazi hii katika rejista ya lazima mwaka 2004. Marekani kuna mtihani wa kitaifa, ingawa si majimbo yote yanayoulazimisha. Kenya haihitaji kungoja wengine wakubaliane.

Wapo wanaoniambia kwamba ujuzi hauhitaji cheti, na hunitajia Vivien Thomas, Mmarekani mweusi ambaye hakuwa na shahada yoyote na ambaye mwaka 1944, huko Baltimore, alisimama nyuma ya Alfred Blalock akimwelekeza katika upasuaji wa kwanza wa watoto waliozaliwa na kasoro ya moyo inayowafanya wawe na rangi ya samawati. Ni kweli. Lakini Thomas alikuwa ameufanya upasuaji ule mara nyingi sana maabara, na Blalock alimjua kwa miaka. Hata hivyo chuo chao kilimtunuku shahada ya heshima mwaka 1976 tu. Nairobi ina mamilioni ya watu wasiojuana. Rejista hufanya katika jiji kama hili kazi ambayo miaka ya kujuana ilifanya kati ya watu wale wawili, na humkinga mwenye kipaji asingoje zaidi ya miaka 30 kutambuliwa.

Wako vijana wa mitaa yetu, wa Laini Saba na wa Kabiria, wanaofanya kazi katika thieta leo kama wasukuma machela na wasafishaji, na baadhi yao wana mikono mizuri. Sitaki sheria iwafukuze. Mfumo wa taifa wa sifa za kitaaluma, uliowekwa kwa sheria ya 2014, unatambua ujuzi uliopatikana kazini. Utumike: wapimwe kwa vitendo, wafundishwe wasichokijua, wapewe mkopo wa kusoma kama wanafunzi wengine, na wasishike vifaa hadi wafaulu.

Sheria ya Afya ya 2017 iliunda mamlaka ya kusimamia taaluma zote za afya, yenye jukumu la kuweka rejista ya wataalamu wote. Mlango huo uko wazi. Naiomba Kamati ya Afya ya Bunge iwatungie wateknolojia wa upasuaji sheria yao. Naiomba Kaunti ya Nairobi, hata kabla ya sheria hiyo, idai kila thieta iliyo ndani ya mipaka yake itundike mlangoni majina na namba za usajili za wote wanaofanya kazi ndani. Na nyinyi wa Kibera na Kawangware, kabla ya kutia sahihi fomu ya kukubali upasuaji, ulizeni: nani atakayehesabu, na amesajiliwa wapi? Mna haki ya kujibiwa.