Heshima ya Mguu: Mhadhara wa Umma Kuhusu Kutembea, Mwili na Akili



Nilipoanza kuja kazini kwa miguu, siku ya tatu jirani yangu alipunguza mwendo wa gari, akateremsha kioo, akaniamkia: "Shikamoo Profesa. Kulikoni? Gari bovu?" Nikamjibu kwamba gari ni zima, nimeamua tu kutembea. Hakuniamini. Alinifungulia mlango, akanisihi nipande. Nilipokataa, aliondoka polepole akiniangalia kwenye kioo cha pembeni, kama mtu anayemwacha mgonjwa njiani. Jioni ile mke wangu alipewa pole sokoni.

Jirani yule ana roho nzuri, nami namheshimu. Lakini swali lake ndilo lililozaa mhadhara huu. Imekuwaje mtu mzima mwenye afya akionekana barabarani kwa miguu yake ahurumiwe? Hoja yangu leo ni moja: kutembea kila siku ni tiba iliyo karibu nasi kuliko zote, na wengi wetu tunaikosa kwa sababu tumeuvunjia mguu heshima.

Nyayo za Laetoli

Mwaka 1978, huko Laetoli, kusini mwa Bonde la Olduvai, timu ya Mary Leakey ilikuta nyayo zilizopigwa katika majivu ya volkano miaka takribani milioni 3.6 iliyopita. Mvua ilikuwa imeyalowanisha majivu yale, yakawa kama saruji mbichi, kisha yakakauka. Zitazame nyayo zile kwa makini. Kisigino kimetua kwanza, kikazama. Uzito umepita ukingo wa nje wa unyayo. Mwisho kidole gumba, kilichonyooka sambamba na wenzake, kimeusukuma mwili mbele. Ndivyo ulivyotembea wewe ulipokuwa ukiingia ukumbini leo.

Wenye nyayo zile walikuwa na ubongo mdogo, usiopishana sana na wa sokwe. Nyayo zao ni za kale kuliko zana zozote za mawe tunazozijua. Mguu ulitangulia; ubongo mkubwa ulikuja baadaye. Mwili wetu umeumbika ukitembea, na ukinyimwa mwendo huanza kudai.

Si mbali na hapo, pembezoni mwa Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao bado wanawinda, wanachimba mizizi na kurina asali. Watafiti waliowavisha vifaa vya kupima mwendo walikuta wanaume wakitembea kama kilomita 11 kwa siku, na wanawake kama kilomita 6. Shinikizo la damu ni nadra kwao, hata kwa wazee. Jambo lililowashangaza watafiti ni kwamba nishati wanayotumia kwa siku nzima haizidi sana ya mtu wa mjini mwenye mwili sawa na wao. Kwa hiyo anayetembea kwa ajili ya kuyeyusha kitambi peke yake atakata tamaa mapema. Faida kubwa ya kutembea iko kwenye moyo, mishipa, sukari na akili.

Dereva na kondakta

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Kila basi lilikuwa na watu wawili. Dereva alikaa karibu zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, vipandio 600 hivi kwa siku. Mwajiri mmoja, jiji moja, moshi uleule. Hata hivyo, makondakta waliugua ugonjwa wa mishipa ya moyo mara chache kuliko madereva, na waliougua hawakufa upesi kama wao. Matarishi wa posta, waliopeleka barua kwa miguu na kwa baiskeli, walionyesha tofauti hiyohiyo walipolinganishwa na makarani na wapokea simu waliokaa ofisini.

Je, huenda madereva walikuwa wanene tangu walipoajiriwa? Morris alipekua vipimo vya sare zao, akasoma viuno vya suruali. Kweli, madereva walikuwa na viuno vipana zaidi. Lakini hata alipowalinganisha wenye kiuno sawa, bado kondakta alikuwa na nafuu. Ngazi zilikuwa zinamlinda. Morris mwenyewe aliishi hadi miaka 99.

Moyo wa pili

Ukisimama, damu iliyoko kwenye kifundo cha mguu inapaswa kupanda hadi kifuani. Moyo peke yake hauiwezi kazi hiyo. Kila unapopiga hatua, msuli wa shavu la mguu huibana mishipa ya vena na kuisukuma damu juu, na vali ndogo zilizomo ndani huizuia isirudi. Ndiyo maana msuli huo huitwa moyo wa pili. Anayekaa kutwa ameusimamisha moyo huo, na miguu inayovimba jioni ndiyo mashtaka yake.

Msuli huohuo, ukiwa kazini, hunyonya sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapolegea. Kaka yangu ni mstaafu, ana kisukari. Kila baada ya chakula cha usiku huvaa soksi na raba, kwa kuwa mwenye kisukari hapaswi kuacha miguu wazi, kisha hukagua ndani ya kiatu kwa vidole, asije akakanyaga kijiwe bila kukihisi. Huzunguka mtaa mara tatu: dukani kwa Mangi, msikitini, kwenye nguzo ya umeme, nyumbani. Akirudi hupumzika, huchoma kidole, huandika namba kwenye daftari la mjukuu wake. Vidonge anameza kama daktari alivyomwagiza. Lakini kurasa za daftari lile zinamwonyesha tofauti ya usiku aliotembea na usiku aliolala mara tu baada ya kula.

Yanayoonekana katika daftari moja yameonekana pia kwa maelfu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliorekebisha mlo, wakapunguza uzito kiasi na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, mengi yakiwa kutembea, walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini walipunguza kwa asilimia 31.

Akili nayo hutembea

Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wazee 120. Nusu yao walitembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima. Wengine walifanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu. Sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, hipokampasi, ambayo kwa kawaida husinyaa uzeeni, iliongezeka kwa asilimia 2 kwa waliotembea. Kwa wenzao iliendelea kupungua.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nao walionyesha mwaka 2014 kwamba mtu hubuni mawazo mapya mengi zaidi akitembea kuliko akikaa, hata akiwa juu ya mashine mbele ya ukuta mtupu. Wanafunzi, tasnifu ikikwama, inukeni.

Tena kuna mambo ambayo kipimo hakiyafikii. Marehemu baba yangu hakuwa mtu wa maneno. Yote mazito aliyowahi kuniambia aliniambia njiani, tukienda shamba, yeye mbele na mimi nyuma. Mkitembea pamoja hamtazamani usoni. Mnatazama njia moja, na neno gumu hupata mahali pa kupita.

Hatua ngapi?

Wengi wamesikia hatua 10,000. Namba hiyo haikutoka maabara. Ilitoka Japani mwaka 1965, katika jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Mwaka 2019 utafiti wa wanawake wazee zaidi ya 16,000 nchini Marekani ulionyesha kwamba waliotembea hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache sana kuliko waliotembea 2,700, na nafuu hiyo iliongezeka hadi hatua 7,500 hivi, ikatulia. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa kwa siku, siku tano, inatosha kuanzia. Kasi yake ni hii: uweze kuzungumza na mwenzako, lakini ushindwe kuimba.

Aibu na barabara

Wahenga walituachia kauli mbili. Moja yasema mtembezi hula miguu yake. Nyingine yasema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Ya kwanza tumeishika sana. Ya pili tumeisahau. Aliyenunua gari hutaka aonekane nalo hata kwenda dukani. Mtoto anayeweza kutembea robo saa hadi shule hupakiwa bodaboda. Kutembea tumekufanya sare ya umaskini.

Haikuwa hivi. Oktoba 1967 Rais Julius Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Njiani hakuna aliyemuuliza kama gari lake lilikuwa bovu. Watu walitoka majumbani kumlaki, kwa kuwa walijua kwamba anayewajia kwa miguu anawaheshimu.

Lakini nisiwalaumu wasiotembea peke yao. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani zilizotolewa mwaka 2023, katika kila watu watano wanaokufa kwa ajali za barabarani duniani, mmoja ni mwenda kwa miguu. Mama anayepita kati ya mtaro ulio wazi na pikipiki iendayo kasi hahitaji mhadhara wangu, anahitaji njia. Kwa hiyo nawaomba wahandisi na halmashauri zetu: barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu, kivuko na mti wa kivuli msiihesabu kuwa imekamilika. Nawaomba madaktari wenzangu waandike kutembea kwenye cheti, pamoja na dakika zake, kama wanavyoandika vidonge. Nawaomba wazazi wenye njia salama wawasindikize watoto shuleni kwa miguu.

Nanyi mlio hapa nawaomba kidogo tu. Kesho asubuhi mkinikuta barabarani, msinionee huruma na msinipe lifti. Nipeni salamu, shukeni, tufuatane.